Bia za Arthur, Udi wa Mama

Ibra, Jumamosi, Disemba 2007

Baridi. Maji ya falaji, mfereji wa nyuma ya nyumba, yanafuka kama birika, na Mama amevaa soksi mbili mbili. Nina ruhusa ya kazini mpaka kesho. Harusi ya mpwa wangu Thurayya imepita salama juzi huko Nizwa, mtandio wangu bado unanukia udi, na mimi tangu alfajiri nafikiria bia.

Niandike kwa mpangilio, maana nikianza kwa hisia sitafika popote.

Mwaka 1994 gazeti langu la Maskati lilinipeleka Uingereza miezi saba, nikajifunze kazi kwenye gazeti dogo la mji mmoja wa Yorkshire. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimeshaandika habari za mafuriko ya Sur na minada ya ngamia ya Sinaw, na nilidhani hakuna kitakachonishangaza. Walinikalisha meza moja na mzee aitwaye Arthur. Miaka yake sitini na moja, koti lake la rangi ya mchanga, penseli sikioni kama seremala. Kazi yake ilikuwa kwenda baa. Kila Alkhamisi alikwenda baa moja ya kijijini, akaonja bia, na Ijumaa watu walifungua ukurasa wake kabla ya kusoma habari za vita.

Bia aliyoiandika si ya chupa wala ya mkebe. Ni bia ya pipa, ambayo hamira yake bado iko hai ndani. Inakaa chumba cha chini ya ardhi, haipozwi kwa barafu wala haitiwi gesi, na inavutwa juu kwa mkono wa pampu. Pipa likifunguliwa lina siku tatu nne, kisha linaelekea siki. Kwa hiyo mwenye baa mwangalifu na mwenye baa mvivu wanaweza kununua bia ileile na wakauza vitu viwili tofauti. Arthur aliwaandika watu hao zaidi kuliko bia yenyewe. Walimwogopa kama wakulima wanavyomwogopa nzige.

Wiki ya pili alinichukua. Mhariri alisema nikaone namna safu inavyoandikwa.

Baa ilikuwa na dari fupi, moto wa makaa ya mawe, na mbwa mzee aliyelala kizingitini ambaye kila anayeingia alimruka bila kuangalia chini, kama watu wanavyoruka mfereji. Mimi na mtandio wangu tulipoingia, mazungumzo yalikatika. Mwenye baa, mwanamke mnene aitwaye Doreen, akaniuliza, "Nikupe nini, mpenzi?" kwa sauti ileile aliyowapa madereva wa malori. Nikaomba maji ya machungwa. Mazungumzo yakarudi.

Arthur aliletewa glasi yake. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza na harufu ikanifikia: siki. Siyo kidogo. Siki ya achari iliyosahauliwa juani. Arthur akanywa, akafumba macho, akaniuliza, "Unaionaje?" Nikasema mimi sinywi, lakini imechacha. Akacheka. Akaandika kitu kwenye daftari. Nimezoea kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini. Alikuwa ameandika "safi".

Nje kwenye maegesho nikamwambia tena, kwa adabu, kwamba akichapisha vile Doreen mwenyewe atamcheka, kwa sababu Doreen aliinusa na akabadilisha pipa sisi tukiwa bado ndani. Nilimwona. Arthur alisimama na funguo za gari mkononi.

"Tangu mwezi wa tatu," akasema. Alianguka baiskeli, akagonga kichwa kwenye ukingo wa njia. Mfupa ulipona, pua haikurudi. Ulimi wake ulijua uchungu, utamu na chumvi, basi. Mengine yote yalikuwa maji ya uvuguvugu. Miezi mitano alikuwa akiandika kwa kumbukumbu, na kwa kuwauliza watu "Unaionaje?" kabla hajasema lake. Ilibaki miaka minne astaafu. Hakuniomba nifiche. Aliuliza tu, "Umejuaje, na wewe hunywi?"

Nikamweleza kuhusu Mama.

Mama yangu, Bi Salma, anapika udi. Alijifunza Unguja, Mji Mkongwe, kwa bibi yake, na tulipokuja Ibra hakuja na kitu isipokuwa nguo, sisi watoto wawili na sufuria moja. Wasiojua wanadhani udi ni kijiti tu cha kuweka juu ya makaa. Udi wa kupika ni kazi. Unachemsha sukari na marashi, sukari inapanda rangi, na kabla tu haijaungua unatia vipande vya udi, sandali, miski na ambari, unakoroga, unamwaga, na ukishaganda unauvunja. Kati ya sukari iliyoiva na sukari iliyoungua pana muda wa kusema bismillahi. Jicho halioni, ni pua tu inayojua. Mimi nilikaa ubavuni mwa sufuria ile tangu sina meno ya mbele, na kazi yangu ilikuwa kupiga kelele: sasa!

Arthur alisikiliza yote, kisha akasema, "Alkhamisi ijayo. Saa kumi na moja. Usichelewe."

Ndivyo ilivyokuwa, Alkhamisi baada ya Alkhamisi. Yeye alionja kwa ulimi, mimi nilinusa. Nilisema ninachokijua, kwa maneno ya nyumbani, kwa kuwa sikuwa na mengine: hii ina ganda la chungwa lililotupwa juu ya makaa. Hii ina majani makavu ya zizini baada ya mvua. Hii ina sukari iliyopitiliza kidogo. Yeye aliandika haraka, penseli ikikwaruza. Safu yake ilipona. Barua zikaanza kuja. Bia nzito za kahawia nilizisema zina harufu ya tabsili, na ikabidi nimweleze kwamba kwetu Sharqiyah wakati wa kiangazi tende za mabsali huchemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, na mtu akipita Bidiya madirisha ya gari yamefunguliwa, harufu ile inaingia mpaka kwenye mito ya viti. Arthur akaandika "tende zinazochemshwa". Msomaji mmoja akauliza huyu mzee amezionea wapi.

Kule kila mmoja mezani ananunua kwa zamu. Zamu yangu ilipofika mara ya kwanza nilitokwa jasho, kwa sababu kuwanunulia watu pombe sikuweza na kukaa bure sikuweza. Nikafungua mkoba nikatoa tende za khalasi alizoniletea Mama kwa posta, nikaweka mezani. Doreen akazipanga kwenye sahani ya mayai ya siki. Toka hapo zamu yangu ikawa tende, na walipoziona wakulima wa kijiji kile waliacha mayai. Kwenye baa nyingine walidhani mimi ni mkaguzi wa afya. Ninanusa glasi, sinywi, naandika. Mwenye baa mmoja alitupa pipa zima kwa hofu, na lilikuwa zima, halina kasoro.

Nilizipenda baa zile. Naliandika hili kwa kuwa sijawahi kuliandika. Niliupenda ule moto, mbao zilizolainishwa na viwiko vya watu wa miaka mia, mzee mmoja aliyecheza domino peke yake kwa mikono miwili na bado akakasirika kwa kushindwa. Nilipenda kwamba mtu aliweza kukaa kimya saa nzima mbele ya wenzake na asiulizwe ana nini. Kwetu huwezi.

Kama kunusa ni halali sikumuuliza sheikh yeyote. Si kwamba nilikuwa na hakika. Niliogopa jibu.

Kuna jingine. Alkhamisi yangu ya mwisho, kwa Doreen, Arthur alisogeza glasi kwangu. Akasema nimezieleza bia nyingi mno na sijui kama nimesema kweli. Hilo neno lilinipata, kwa mwandishi wa habari hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Nikainua, nikanywa funda moja. Lilikuwa chungu. Halafu joto likapanda nyuma ya pua na mle ndani yakawamo yote niliyoyasema, tabsili, chungwa, majani ya zizini, kwa mpangilio uleule. Nilikuwa sawa.

Kwa miaka kumi na tatu nimejiambia nililitema. Nililimeza.

Safu ya Alkhamisi ile niliisoma kwenye treni. Arthur aliniaga kwa mstari mmoja: "mwenzetu kutoka ng'ambo, aliyetuletea tende." Kuhusu pua, hakuna. Sikukasirika, au nilisema sikukasirika. Alistaafu kwa heshima zake zote. Mwaka 2001 Doreen aliniletea kadi kwamba Arthur amefariki, na kwamba mbwa pia.

Sasa nije kwenye wiki iliyopita.

Jumatano alasiri nilitoka Maskati kuja Ibra. Nimeshuka garini, bado sijafungua geti, nikaisikia harufu: sukari iliyoungua. Nikaingia. Mama alikuwa jikoni, sufuria mbele yake, na sinia la udi uliokwisha kuganda, mweusi kuliko inavyotakiwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Taal, njoo. Waonaje?"

Waonaje. Mama hajawahi kuniuliza hivyo katika maisha yangu. Mama husema, halafu sisi tunakubali. Mtu anayekufanya ujibu kwanza kuna kitu hana. Hilo nimelijua kwa mawaziri, na kabla ya mawaziri nililijua kwa Arthur.

Nikakiweka kipande juu ya kaa. Kilinuka kama kitambaa kilichounguzwa na pasi. Mama alikaa kando, moshi ukimpita usoni, ametulia kabisa.

"Mama, umeungua huu."

"Sukari ya siku hizi," akasema. "Na gesi hizi. Jana pia ulinisumbua."

Kwa hiyo mapishi mawili yameharibika. Na vipande vya udi mzuri, vile alivyoviweka sandukuni tangu Thurayya alipokuwa anatambaa, vilibaki vya pishi moja tu. Harusi ni Alkhamisi inayofuata. Kwa desturi yetu udi wa bibi harusi unapikwa na bibi yake, na utafukizwa mbele ya wanawake wa upande wa pili. Wa upande wa pili ni watu wa Nizwa, wenye nyumba chini ya ngome tangu babu wa babu, na mama wa bwana harusi, Bi Moza, alishasema mbele za watu kwamba Wazanzibari udi wao ni sukari tu. Mama aliambiwa siku ileile. Kwa miezi minne hakuzungumza jingine.

Nikamwambia, "Mama, hunusi."

"Mimi nimepika udi wewe hujawa hata niya."

"Najua. Lakini pua imekwenda."

"Nani kakwambia? Daktari wewe?"

"Nshawahi kuona mtu namna hii. Uingereza."

"Mtu gani?"

Hapo ningeweza kusema mfanyakazi mwenzangu, nikaishia hapo. Ungekuwa ukweli nusu, na nusu ile isingemshawishi. "Mzee mmoja wa gazetini. Kazi yake ilikuwa kuonja bia."

Mama akaweka mwiko chini. "Na wewe ulimjulia wapi?"

"Baa."

"Wee Rahma! Wamekupeleka ukasome, ukenda kukaa ulevini?"

"Nilikuwa nanusa, Mama. Pua yake ilikufa, mimi nikamnusia."

"Ukanusa."

"Nikanusa."

"Kama paka!"

"Kila Alkhamisi. Miezi saba."

"Na buibui lako?"

"Na mtandio."

"Astaghfirullahi. Na tende zangu nilizokuwa natuma, nikalipa posta?"

"Walikula wao. Walizipenda."

Akageuka akatazama dirishani, kwenye mitende. Mabega yalikuwa yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Kisha, bila kugeuka: "Ulionja?"

"Mara moja."

"Ukatema."

Hakuuliza. Alinipa mlango. Nilikuwa nimeutumia mlango ule miaka kumi na tatu.

"Nilimeza, Mama."

Falaji ilisikika. Jirani yetu alikuwa anaita kuku. Mama alivuta kiti, akakaa, akanyoosha kanga magotini mara mbili, mara tatu. Nilingoja. Kazi yangu imenifundisha kungoja, lakini haijanifundisha kungoja namna ile.

"Ilikuwa na harufu gani?" akauliza.

Nikadhani sikusikia vyema.

"Skiza, nakuuliza. Hiyo bia. Ilikuwa na harufu gani?"

"Tabsili," nikasema. "Na ganda la chungwa kwa mbali."

Akafumba macho. Nilimwona akiitafuta, kama mtu anayepapasa chumbani mwake taa imezimika. "Tabsili ya pishi la mwanzo," akasema pole pole, "au ya pishi la mwisho, maji yakishakuwa mazito?"

"Ya mwisho. Sufuria ishaepuliwa."

"Haya." Akafumbua macho. "Basi unajua. Washa jiko."

Tangu pale hatukuzungumza ila maneno ya kazi. Aliniambia lini ilianza: tangu ile homa ya mwezi wa Ramadhani. Alikuwa anapaka marashi kwa kuhesabu matone. Chakula alikitia chumvi kwa kutazama nyuso zetu. Alisema haya huku akipima sukari kwa kiganja, bila huruma yoyote kwa nafsi yake, na nikajua ule ukavu wangu nimeutoa wapi.

Mkono wake haukupoteza kitu. Alikoroga kwa mzunguko uleule, akihisi uzito wa mwiko. Mimi nilisimama juu ya sufuria, macho nimefumba. Marashi yakaruka kwanza. Kisha sukari, tamu tupu, kisha tamu yenye kahawia. "Bado," nikasema. "Bado." Nikainama zaidi, mvuke ukanipiga usoni. "Bado." Ikaja ile harufu, ya ganda la chungwa juu ya makaa, kabla tu.

"Sasa!"

Akatia vyote kwa mkupuo mmoja.

Alkhamisi tulikwenda Nizwa. Alasiri, wanawake wamejaa ukumbini, kahawa imezunguka, halwa imezunguka. Ukaletwa udi wetu kwenye kisanduku, na Bi Moza akakivunja kipande mwenyewe, akakiweka kwenye chetezo mbele ya watu wote. Mama alikaa wima kama askari wa zamu. Mimi nilimtazama Bi Moza usoni, maana Mama asingeweza kujua mpaka mtu aseme.

Kuna kanuni hapa Oman: baada ya udi hakuna kukaa. Chetezo kikishapita, wageni wanainuka na kuaga. Chetezo kilipita. Wanawake wakajifukiza chini ya mitandio, mikono, nywele. Walioanza kuinuka walikuwa wengi. Bi Moza akanyoosha mkono kwenye kisanduku akatwaa kipande cha pili, akakiweka juu ya kaa. Waliosimama wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakakaa tena.

Nikamgusa Mama goti. "Wamekaa," nikamwambia kwa Kiswahili.

"Naona," akasema. "Sijawa kipofu."

Bi Moza akauliza kwa Kiarabu nani kaupika. Nilijua jibu: atasema ni yeye, basi. Nilikuwa nimeshalisoma jibu la namna hiyo, kwenye treni, kwa mstari mmoja, na nilikuwa nimelisamehe mapema.

"Mkono wangu," Mama akasema kwa sauti ya ukumbi mzima, "na pua ya binti yangu huyu. Yangu mimi imekufa."

Bi Moza akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mashallah. Na kajifunza wapi?"

Nikavuta mtandio mbele.

"Kwangu," Mama akajibu, bila kupepesa. Halafu akainama kuchukua kikombe chake, akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Na kwa walevi."

Nilicheka mpaka ikabidi nijifunike. Watu wa Nizwa walidhani ni furaha ya harusi. Hawasomi Kiswahili, kwa hiyo naweza kuliandika hapa. Wapwa zangu wanasoma, na nao waje waniulize.

Tangu alfajiri najiuliza kama Arthur naye angeweza kusema vile, mbele ya Doreen na mzee wa domino. Nafikiri aliogopa kuwa mtu asiye na pua hana tena la kusema. Ningejua, ningemwambia si kweli. Sikujua wakati ule. Leo ndiyo nimeona. Ilikuwa safu yake. Lakini zile tende zilikuwa zangu, na lile chungwa, na ile tabsili.

Mama ameshapata maombi mawili ya udi kutoka Nizwa, moja la Bi Moza mwenyewe. Ameyakubali bila kuniuliza. Sasa hivi amepita mlangoni na soksi zake, akanikuta ninaandika, akaniuliza nitarudi lini kutoka Maskati. Nikasema mapumziko yetu ni Alkhamisi, kama kawaida.

"Basi Alkhamisi," akasema. "Usichelewe."

Sitachelewa.